Siku Niliyoambiwa Nisitafsiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Tai yenyewe ilikuwa ya shemeji yangu, fundo nilifungiwa na kinyozi, na kwa lile joto la Makadara nilifika nimetota kama mtu aliyevuka Likoni kwa kuogelea. Kazi niliyoitiwa ilikuwa ya utarishi, yaani kuchukua faili huku na kuleta chai kule. Msimamizi wa kliniki, mtu mzima aliyeanzia udresa wa kufunga vidonda akapanda mpaka akapewa meza, alinitazama tangu utosini mpaka viatuni.

"Wewe Athmani, umekuja kuoa ama umekuja kazini?"

"Kazini, bwana."

"Basi vua hicho kitanzi usije ukanifia mlangoni. Wajua lugha ngapi?"

"Nne na nusu."

"Hiyo nusu ni ipi?"

"Kizungu."

Sikumdanganya. Kiswahili ni cha Kuze nilikozaliwa. Kigiriama ni cha mamangu na nyanyangu, walionilea. Kiarabu ni cha chuoni, cha kusomea na kuombea. Kihindi nilikiokota Biashara Street, cha kuulizia bei na kutukanwa. Hicho Kizungu kiliishia kidato cha pili. Mimi na hesabu tulikosana, mwalimu akawa upande wa hesabu, nami nikaona heshima yangu ni kuondoka.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza yaingia. Kliniki yetu ilikuwa ndogo, ghorofani juu ya duka la mabati. Chini wagonga nyundo, juu sisi twatuliza vichwa. Watu wa mji walipaita pale "kwa daktari wa wazimu", na wenye kuja walipitia mlango wa nyuma, kwa hivyo mlango wa mbele ulikuwa mzuri sana, haukuchakaa hata kidogo.

Daktari Mshauri, ndivyo cheo chake kilivyoandikwa mlangoni, alikuwa mwanamke kutoka Ukambani, mfupi, mpole wa sauti, asiye na haraka na mtu. Kazi yake iliitwa tiba ya mazungumzo. Maana yake ni kwamba mgonjwa hachomwi sindano wala hapewi vidonge, hukaa kitini akazungumza, na daktari akamsikiliza kwa namna aliyosomea, mpaka lile lililomkwama likatoka. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilisema moyoni, basi mama mkwe wangu ni daktari bingwa na hatujamlipa. Ilinichukua muda kujua kwamba kuzungumza ni kazi ya mgonjwa. Kazi ya daktari ni ile nyingine, ngumu zaidi, ambayo mama mkwe hakuiweza na mimi pia siiwezi mpaka leo.

Nilipataje kuingia chumbani mle? Siku moja aliletwa bibi mmoja kutoka bara ya Mombasa huko, Kiswahili hana. Daktari akafungua mlango akauliza nani hapa ajuaye Kigiriama. Mimi nilikuwa napita na sinia.

"Ingia," akanambia. "Weka hiyo chai chini. Kuanzia leo wewe ni mkalimani."

"Na chai ya Msimamizi?"

"Atakunywa maji."

Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo. Msimamizi alinuna mpaka Ijumaa.

Nilidhani ukalimani ni kazi ya mdomo, na mdomo ninao. Kumbe. Yule bibi alisema neno fupi tu, kwamba amechoka na kuishi, nami nikaona haya kumpa daktari neno kavu kama hilo mbele ya mtu mzima. Sisi watu wa Mombasa hatupeani kitu bila sahani. Nikaanza: "Daktari, mama anakusalimu sana, na anasema kwamba umri umesogea, na mambo ya dunia ni mengi, kwa hivyo mwili wake unahisi uchovu kidogo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Bwana Athmani, mama amesema maneno matatu na wewe umenipatia barua."

"Nimeitengeneza kidogo, Daktari."

"Usitengeneze. Neno likikuja limevunjika, nipatie likiwa limevunjika. Mimi nataka kuona mahali limevunjikia."

Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza upya, na safari hii nilimpenda mwalimu. Alinifundisha kukaa kando ya mgonjwa, si mbele yake, ili wao wawili watazamane. Alinifundisha kusema "mimi" pale mgonjwa asemapo "mimi", si "anasema kwamba". Basi kwa asubuhi moja niliweza kuwa mjane, nikawa kuli mwenye mgongo mbovu, nikawa bibi harusi aliyetoroka, na saa sita nikawa Athmani tena nikaenda kuswali. Alinifundisha pia siri ya chumba, kwamba la humu halitoki. Hapo palikuwa na shida kidogo. Kanuni yao ilisema ukikutana na mgonjwa wako njiani usimsemeshe mpaka akusemeshe yeye. Nikamwambia Daktari, nikipita Mama Ngina jioni nikamkuta mtu ala muhogo, nisimsalimu, nimwache hivi, mji mzima utajua kuna jambo. Akafikiri, akacheka. "Haya, msalimu kama unavyosalimu kila mtu. Lakini usimuulize anaendeleaje." Mpaka leo kuna watu hapa Mombasa wanaonishangaa mbona sikuwauliza hali.

Wanawake wa Mji wa Kale walikuwa na taabu yao nyingine. Kiswahili chao cha ndani Daktari, mtu wa bara, hakukishika chote, kwa hivyo nilihitajika, lakini hawakutaka uso wangu. Mmoja alisema wazi, "Huyu si mtoto wa Kuze huyu? Mamake ajuana na shangazi yangu." Daktari akatoa shauri la pazia, na akanituma nikanunue kitambaa. Nikateremka Biashara Street, nikachagua kanga nzuri, nyekundu na nyeusi, doti nzima, nikaishona mwenyewe kwa mikono yangu na kuitundika. Kwa muda wa wiki kila mwanamke aliyeingia aliketi, akatazama pazia, akasema hana neno, akaenda zake. Daktari alikosa usingizi akidhani ameharibu kazi. Mwisho mama mmoja wa Kibokoni ndiye aliyetufungua macho.

"Hebu nambieni," alisema, "mwaniita nije niseme siri zangu, na hapo mmenitundikia 'Mdomo wa jirani hauna kufuli'. Mwanionya ama mwanicheka?"

Sikuwa nimesoma jina la kanga. Mimi nilitazama rangi. Msimamizi alicheka mpaka akashikilia meza, na kanga ile akaenda nayo mkewe.

Mama huyo wa Kibokoni ndiye aliyenionyesha mara ya kwanza ustadi wa Daktari ulipo. Nimebadilisha mambo yake hapa, usimtafute. Daktari alikuwa na maswali yake matatu ya kila mgeni: ukikasirika watukana kwa lugha gani, ukiota wasemeshwa kwa lugha gani, na ulibembelezwa kwa lugha gani. Watu walicheka, lakini wakishajibu alijua wamejigawa vipi. Mama huyu alijibu Kiswahili, Kiswahili, na Kiswahili. Kisha alipofika kwenye jambo lenyewe, akaingia Kizungu. Alikuwa amesoma, Kizungu chake kilikuwa kizima. Na Kiswahili kikatoweka kabisa.

Mimi nikatoka nyuma ya pazia langu jipya jeupe nikiwa na shauri. Nikamnong'oneza Daktari mlangoni, tumrudishe kwa Kiswahili, ndiyo lugha yake. Akanambia, "Leo wewe nenda kunywa chai."

Baadaye alinieleza kwa ruhusa ya mwenyewe. Mama yule alikuwa amezaa mtoto wa mwisho na kila akimtazama haoni mapenzi moyoni, aona ukuta tu. Neno hilo kwa Kiswahili, lugha aliyobembelezwa nayo yeye, lingekuwa laana kumtamkia mtoto. Kwa Kizungu aliweza. "Umeona mtu akiondoa sufuria motoni?" Daktari aliniuliza. "Anashika na kitambaa. Kizungu ndicho kitambaa chake. Ukimnyang'anya utamchoma." Akamwacha nacho kikao baada ya kikao, wala hakumharakisha. Na siku moja, katikati ya Kizungu, mama yule akamtaja mtoto kwa jina la nyumbani, lile la kudekeza. Mimi, niliyekwisha rudishwa nyuma ya pazia, nilimsikia Daktari akivuta pumzi, na nikajua sufuria imewekwa chini.

Basi nikadhani nimeelewa elimu yote. Mtu akitaka Kizungu, mwache. Ndipo akaja Karani.

Jina lake silitaji. Alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, Mgiriama, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, shati jeupe la kupigwa pasi mpaka lina makali. Mkubwa wake wa kazi ndiye aliyemtuma kwetu, maana mkono wake wa kulia ulikuwa ukisimama. Aandika, kisha katikati ya neno mkono wasimama kama punda wa maji aliyekataa kupanda. Madaktari wa mwili walimpima wakaona mkono hauna ugonjwa. Usingizi hana. Nyumbani Kigiriama alikipiga marufuku, mkewe na watoto wasiseme ila Kiswahili, na yeye mwenyewe azidi kusema Kizungu, hata kumwambia mtoto alete chumvi.

Kisa alikieleza kikao cha kwanza, kwa Kizungu safi, mgongo umenyooka. Nduguye mdogo alifanya kazi ya ukuli gatini. Mnyororo ulikatika, mzigo ukashuka, nduguye akafa. Alimtafutia kazi ile yeye mwenyewe. Akatazama saa yake. Mimi nilikalishwa kando iwapo Kigiriama kitatakiwa, na kwa nusu yangu ya Kizungu nilifuata yote, maana alizungumza kama mtu asomaye hati ya forodha. Kikao cha pili akaeleza tena, maneno yale yale, mpangilio ule ule, kuanzia mnyororo. Kikao cha tatu vivyo hivyo.

Lakini safari hiyo alitaja jambo la kwao. Maiti aliisindikiza yeye kwa lori la kampuni mpaka mlangoni mwa boma, upande wa Kaloleni. Akawakabidhi wajomba, akasoma barua ya rambirambi ya kampuni kwa Kizungu, binamu akaitafsiri, na jua halijatua yeye akapanda lori lile lile akarudi mjini. Tangu hapo hajakanyaga. Sasa wazee wa ukoo wamepanga siku ya kumaliza msiba, ambapo wafiwa hunyolewa nywele, na mamake amekataa.

"Amekataa vipi?" Daktari akauliza.

"Amesema asinyolewe na mtu. Amesema hajapewa habari." Karani akatabasamu tabasamu la ofisini. "Mama ni mzee, Daktari. Amechanganyikiwa. Mwanawe alimzika mwenyewe. Anasema, 'Maiti nimepewa, habari sijapewa.' Wazee wamenipa mpaka Jumamosi ya pili niende nikamtulize, na nisipofanikiwa watamnyoa kwa nguvu."

Hapo sauti ikamponyoka kidogo, pale kwenye "kwa nguvu". Daktari aliisikia. Mimi sikuisikia, nilikuwa nikiwaza maandamano ya Saba Saba na mechi ya mpira.

Kikao kilichofuata Daktari alimwomba ajaribu kusema kwa Kigiriama, mimi nitafsiri. Karani akakubali kwa adabu. Akasema sentensi moja, nami nikaitafsiri palepale, neno kwa neno, bila sahani, kama nilivyofundishwa. Akanigeukia.

"Hapana. Sikusema alianguka. Nimesema aliangukiwa."

"Samahani, bwana. Aliangukiwa."

Sentensi ya pili akanisahihisha tena. Ya tatu akaona taabu ya nini, akajitafsiri mwenyewe kwa Kizungu. Tukawa watu watatu tunasahihisha barua. Msiba umekaa pale kitini unatungoja tumalize. Nilitoka nimeloa jasho, na safari hii sikuwa na tai ya kulaumu.

"Nimeharibu, Daktari."

"Hukuharibu. Umetafsiri vizuri sana, ndiyo shida. Kila akisema, wewe unamchukua unampeleka mbali na kwake." Kisha akauliza, "Yule mama anataka habari gani?"

Nikamwambia sijui, labda ni uzee kama asemavyo mwanawe.

"Mtu anayekataa kunyolewa mbele ya ukoo mzima hajachanganyikiwa," alisema. "Huyo anajua anadai nini."

Karani alipokuja tena, zilikuwa zimebaki siku chache Jumamosi ile ifike. Daktari alimuuliza kwa Kiswahili, polepole, "Kwenu, mtu akitoka safari na habari mbaya, anaitoa namna gani?"

Karani akaeleza vizuri kama mwalimu. Alisema mtu hafiki akasema tu fulani amekufa. Hukalishwa, hupewa maji. Kisha huulizwa habari, naye huitoa tangu mwanzo, tangu pale alipoagana na watu wa nyumbani, kila alipopita, kila alichokula. Na lazima awepo wa kuitikia. Kila kipande cha habari, muitikiaji husema "hee", ndipo msemaji aendelee. Habari isiyoitikiwa haijatolewa.

Alipofika hapo akalirudia neno lake la mwisho, polepole. Nadhani alijisikia mwenyewe.

Daktari alivuta kiti chake nyuma, karibu na ukuta. Akaniashiria nihame mahali pangu pa kando nikae mbele ya Karani, ana kwa ana. Akamimina maji glasini akayaweka katikati.

"Bwana Athmani, leo usitafsiri."

"Hata kidogo?"

"Hata neno moja. Wewe utaitikia."

"Na wewe, Daktari? Utaelewa nini?"

"Ya kunitosha."

Karani alinitazama kwa wasiwasi, na kusema kweli mimi ningekuwa yeye ningeondoka. Mtu wa mzaha kama mimi kupewa kazi ya kuitikia msiba ni kama kumpa paka kazi ya kulinda samaki. Lakini aliniuliza kwa Kigiriama mamangu ni wa ukoo gani, nikamwambia. "Basi wewe ni mwana wa dada yetu," akasema. Akanywa maji. Nami nikamuuliza habari, vile nilivyomsikia nyanyangu akiwauliza wageni barazani kwake.

Hakuanzia kwenye mnyororo. Alianzia alfajiri ya kwao, miezi kabla ya ajali, siku aliyokwenda kumchukua nduguye amlete mjini. Kuku wamewika. Mama amechemsha mihogo. Nikaitikia. Ndugu amevaa viatu vya kaka, vinampwaya, amevijaza magazeti. Nikaitikia. Mama hataki aende, amekaa kizingitini asiwapishe njia, wakamwomba, akainuka. Nikaitikia. Akamshika mtoto wake mdogo mkono, akauchukua mkono ule akautia ndani ya mkono wa mkubwa, akasema, nakupa huyu hapa, na hapa hapa uje unirudishie.

"Hee," nikasema, na sauti haikuwa yangu.

Akasema jambo hilo huku ameunyoosha mkono wa kulia mbele yake, umefunguka, kama aliyeshika kitu. Ukabaki pale. Akaendelea nao vile vile umenyooka, wakapanda basi, wakaingia mji, wakala mahamri na mbaazi, ndugu akahesabu meli akasema ni nyumba zilizokosa njia. Nikaitikia, nikaitikia. Alipofika kwenye mnyororo alikuwa ameshalia kitambo. Kulia kwake hakukuwa na Kizungu hata chembe.

Alipomaliza, mimi kwa mazoea nikamgeukia Daktari nianze. Akaniinulia kidole. Alisogeza kiti, akamkalia karibu, na akamuuliza Karani swali moja kwa Kiswahili.

"Huo mkono. Nani aliweka kitu ndani yake?"

Neno la Kigiriama hakulijua hata moja yule mwanamke. Aliusoma mkono.

"Mama," akasema Karani.

"Basi ndiye anayengojea."

Karani alisema anaogopa. Alisema akimpa mama habari yote, itambidi amwambie na lile la mkono, na mama atamwuliza yuko wapi niliyekupa. Daktari hakumpa maneno ya kumfariji. Alimwambia, "Anaweza kuuliza hivyo. Lakini leo umeisema mpaka mwisho, na bado umekaa hapa."

Ile Jumamosi nilikuwa mtu asiye na faida nyumbani. Mke wangu alinituma sukari nikaleta chumvi. Jumatatu nilifika mapema kuliko Msimamizi, jambo ambalo halikuwahi kutokea wala halikutokea tena. Saa tatu Karani akapanda ngazi. Alivua kofia mlangoni, na kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, chang'aa kama sinia yangu.

"Kulamukadze, Daktari," akasema. Ndiyo salamu ya asubuhi ya Wagiriama. Daktari akamjibu kwa Kikamba. Hakuna aliyeniuliza neno.

Alitueleza kwa Kiswahili, safari hii bila haraka. Mama alimkalisha, akamletea maji, na muitikiaji akawa mama mwenyewe. Wajomba walitaka kumzuia, akawafukuza. Alipofika kwenye viatu vilivyojazwa magazeti mama alicheka, mbele ya wazee wote, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Lile la mkono alilisema. Mama aliitikia kama alivyoitikia mengine, "hee", akamwambia endelea. Walipomaliza akaita kinyozi, akasema, "Huyu kwanza," akimwonyesha Karani, "kisha mimi." Mkono ule ulirudi kazini, si kwa siku moja, lakini ulirudi.

Nilikaa kwenye kliniki ile mpaka tulipohamishiwa tawi dogo la Mji wa Kale, chumba kimoja chenye dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Daktari baadaye alirudi kwao kufundisha, na waliokuja baada yake walikuwa wazuri, wengine wakijua lugha nyingi kuliko mimi. Lakini sijamwona tena mtu anayejua kama yeye lini lugha ni kitambaa cha kushikia moto, na lini kitambaa hicho kimemzuia mtu asijue kwamba ameshika nini. Vijana huniuliza iwapo kazi ya ukalimani ina siri. Siri siijui. Najua tu kwamba nililipwa mshahara miaka mingi kwa ajili ya kusema, na siku niliyofaa zaidi sikutafsiri neno, na aliyejua hivyo alikuwa yeye, si mimi. Nilipostaafu Msimamizi mpya alinipa saa ya ukutani. Inakwenda mbele robo saa, kwa hivyo sasa nachelewa kwa raha.

Karani naye amestaafu. Huja barazani kwangu baada ya swala ya Ijumaa, yeye Mkristo na mimi nimetoka msikitini, na tunazungumza Kigiriama, maana mke wangu hakijui nasi tunapenda kumsumbua. Mara nyingi humzungumzia nduguye. Zile siku za Kizungu nilidhani ndugu huyo alikuwa mtu wa kufa tu. Sasa namjua. Juzi alinihadithia walivyokuwa wadogo, ndugu alipopewa kazi ya kufukuza ndege shambani akaona uvivu, akaiba suruali ya mhubiri kwenye kamba ya nguo, akaivisha mti, akalala. Jumapili mhubiri alisimama madhabahuni amefunga shuka kiunoni, akamwombea mwizi kwa uchungu, dakika nzima, Mungu amfungue macho, Mungu amrejeshe njia nyoofu.

Tulicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko.

"Mwacheka nini nyinyi?"

Nikamtafsiria yote, mpaka suruali, mpaka shuka. Karani hakunisahihisha.

"Na huyo mtoto," mke wangu akauliza, "alikuwa kanisani wakati huo?"

"Alikuwa mstari wa mbele," akasema Karani. "Ndiye aliyeitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote."